Nani Kasema Kibo Hakizibiki?

Kila ghorofa jipya linapoanza kuchimbiwa msingi katikati ya Moshi, maneno huwa yale yale. Wapo wanaonung'unika kwamba Mlima Kilimanjaro unazibwa, na wapo wanaowajibu kwamba huo ni wivu wa maendeleo. Wanung'unikaji hushindwa mara nyingi. Haki wanayo, ila wanabishana kwa hisia tupu mbele ya watu wenye michoro, vibali na picha za rangi. Basi nimezichukua hoja zinazosikika zaidi, za vikaoni, za kwenye daladala na za mezani kwa wasanifu majengo, nizijibu. Nyingine zina uzito, na nitasema zipi.

Niseme mapema ninaposimama. Sipingi ghorofa. Ninapinga kutoa kibali cha jengo refu katikati ya mji huu pasipo mtu yeyote kupima litaficha nini, litakificha kutoka wapi, na kwa nani.

Kwamba Moshi si mji wa kihistoria

Mji wa kihistoria, wanasema, ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni Lamu, ni Bagamoyo. Moshi ni mji wa reli na maduka. Kuna nini cha kuharibu pale?

Kweli Moshi ni mji mchanga. Moshi ya asili iko juu mlimani, Old Moshi, kwenye himaya ya Mangi, yaani chifu, Rindi na mwanawe Meli, yule ambaye Wajerumani walimnyonga Machi 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 iliishia huku chini, na mji ukaota pale treni ilipokomea, ukalibeba jina la kule juu. Ukipanda leo kutoka stesheni kuelekea mnara wa saa unaipitia hadithi hiyo kwa miguu: maghala, maduka ya Wahindi yenye baraza pana mbele, mengine yakiwa na mwaka wa ujenzi juu kabisa ya ukuta, nyumba za ibada za kila dini, kisha majengo ya kahawa.

Kwenye jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, inafaa tusimame kidogo. Chama hicho kilianza 1933, kikirithi umoja wa wakulima wa kahawa ulioundwa 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakajijengea makao makuu, na mchoraji wao alikuwa Ernst May, msanifu wa Kijerumani aliyekwisha kupata jina duniani kwa makazi ya wafanyakazi aliyoyajenga Frankfurt katika miaka ya 1920, kabla ya kuhamia Afrika Mashariki. Yaani wakulima wa vihamba, mashamba ya familia ya migomba na kahawa, wakiwa bado chini ya Mwingereza, walimpa kazi mmoja wa wasanifu wakubwa wa karne ile kwa fedha za kahawa yao wenyewe. Nionyeshe ni miji mingapi ya Afrika yenye jengo la namna hiyo. Na tukumbuke kwamba nalo ni ghorofa. Limekaa mjini miaka hii yote na hakuna aliyewahi kulilalamikia kwamba limemzibia kitu.

Ubaya ni kwamba sheria yetu nayo inaamini hoja hii. Sheria ya Malikale ya 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyosimama kabla ya 1863. Kwa kipimo hicho hakuna tofali hata moja la mji wa Moshi linalofuzu. Mji mzima umechelewa kuzaliwa kwa karibu nusu karne. Waziri anaweza kutangaza jengo au eneo kuwa la kulindwa hata kama ni la baadaye, ila ni lazima mtu aombe, na kwa kawaida watu huomba jengo likiwa limekwisha kubomolewa nusu.

Tena kuna urithi mwingine ambao wanaotoa hoja hii huusahau. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987 kwa kigezo kimoja tu, cha saba, ambacho ni uzuri wa kipekee wa maumbile. Maeneo mengine huingia kwa wanyama, kwa mimea, kwa mabaki ya binadamu wa kale. Kilimanjaro uliingia kwa jinsi unavyoonekana: mlima mkubwa uliosimama peke yake juu ya tambarare, na theluji kichwani. Sasa mlima huo hauonekani umesimama peke yake ukiwa juu yake. Unaonekana hivyo ukiwa chini, na mji mkubwa ulio chini yake upande wa kusini ni Moshi.

Kwamba mlima ni mkubwa mno kuzibwa na jengo

Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, na ndiyo rahisi kuipima kuliko zote.

Kutoka katikati ya Moshi hadi kilele cha Uhuru, ncha ya Kibo, ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, karibu kaskazini kabisa. Mji uko mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari. Kilele kiko mita 5,895. Tofauti ni kama mita 5,000. Kwa hiyo kimo cha mlima machoni pako ni sehemu moja tu ya sita ya umbali, au kwa digrii, tisa na ushei. Jaribu asubuhi moja kukiwa kweupe. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, iweke wima juu ya mstari wa ardhi. Ngumi ya mtu mzima iliyonyooshwa huchukua karibu digrii kumi kwenda juu. Kibo chote, tangu miguuni hadi barafu, hakivuki ngumi yako.

Ukilijua hilo, hesabu iliyobaki ni ya darasa la saba. Ikiwa mlima ni moja kwa sita, basi kila mita moja ya jengo iliyo juu ya jicho lako huficha kilele kwa mita sita nyuma ya jengo, upande wa kusini. Jengo la ghorofa tano lina kama mita 16. Toa kimo cha jicho, zidisha kwa sita: yeyote aliye ndani ya mita 85 hivi kusini mwake hakioni kilele. Ghorofa kumi, mita 33, zinafanya hivyo kwa karibu mita 190, yaani mtaa mzima na wa pili yake. Na hapo nimeuchukulia mji kama meza, wakati Moshi umeinama: anayesimama kusini yuko chini kuliko msingi wa jengo lililo kaskazini mwake, kwa hiyo sita inasogea kuwa saba. Hesabu hiyo ni ya ncha tu. Barafu ya chini, jangwa la mawe na mkanda wa msitu viko chini ya ncha, navyo hupotea kutoka mbali zaidi. Wa kwanza kupotea ni msitu, na wengi hata hawatambui kwamba umepotea kwa sababu ncha nyeupe bado wanaiona inachungulia juu ya tangi la maji la paani.

Hesabu hiyo hiyo inatusaidia pia kutokuwa na woga wa kijinga. Jengo la ghorofa kumi lililo kusini mwa reli haliwafichii kitu watu wa mnara wa saa. Jengo lililo kando ya barabara inayopanda kaskazini, kama Barabara ya Mawenzi kati ya kituo cha mabasi na mnara wa saa, linaweza kuwa refu kiasi na bado barabara yenyewe ikabaki wazi kama dirisha, mradi lisitokeze juu ya barabara na mradi pasiwe na kitu kirefu kwenye kichwa cha barabara hiyo. Jengo dogo lililokaa vibaya, pale barabara inapokunja, linaweza kuharibu kuliko kubwa lililokaa vizuri. Anayesema maghorofa yote ni mabaya na anayesema mlima hauzibiki wamekosa kitu kimoja: hakuna kati yao aliyekwenda kusimama barabarani na kupima.

Kwamba picha za mradi zimeonyesha hakuna tatizo

Hapa ndipo udanganyifu mwingi unapopita, mara nyingine bila mtu kukusudia.

Kila aliyewahi kuupiga mlima picha kwa simu akiwa mjini Moshi anajua kinachomkuta. Machoni Kibo kimejaa mbingu. Kwenye simu kimekuwa kichuguu. Anadhani hajui kupiga picha. Sababu ni lenzi. Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi pana, sawa na milimita 24 hadi 28 kwa kipimo cha wapiga picha, nayo hubana eneo kubwa kwenye picha ndogo, kwa hiyo vitu vya mbali vinanywea. Lenzi ya milimita 50, ambayo wapimaji wa mandhari wameizoea kama kiwango, huuonyesha mlima ule ule ukiwa na kimo cha karibu mara mbili kwenye karatasi yenye ukubwa ule ule. Basi mtu akitaka kukuonyesha kwamba mlima si kitu na jengo lake halina madhara, hana haja ya kusema uongo. Atumie lenzi pana tu.

Hiyo ni njia moja. Tazama picha za miradi zinazotundikwa kwenye mabati yanayozunguka viwanja. Aghalabu zimetazama jengo kutoka angani, kimo cha ndege nyuki, mahali ambapo hakuna mchuuzi wala mwanafunzi atakayesimama maisha yake yote. Miti iliyochorwa mbele imekomaa kama iliyopandwa enzi za babu. Nguzo za umeme zimetoweka. Anga limepauka ili jengo lenye rangi ya kijivu liyeyuke ndani yake. Na pale picha ilipopigwa kutoka chini, imetazama uso wa jengo kutoka kaskazini, maana yake mlima uko mgongoni mwa mpiga picha. Hakuna kilichozibwa kwenye picha kwa sababu hakuna kilichokuwepo cha kuzibwa.

Picha ya haki ina masharti yanayojulikana. Kwanza mahali pa kusimama panachaguliwa na mamlaka ya mji na wakazi, kamwe si mwenye mradi: mlango wa stesheni, kituo cha mabasi, sokoni, lango la Hospitali ya Mawenzi, mbele ya jengo la KNCU. Kamera inawekwa kwenye kimo cha jicho la mtu, mita 1.6 hivi, na mpima ardhi anachukua majiranukta ya pale ilipo ili mtu mwingine aweze kurudi na kuhakiki. Picha inapigwa asubuhi mlima ukiwa nje. Kisha zinawekwa mbili pamoja, ya sasa na ya baada ya jengo, zenye ukubwa mmoja, na maelezo ya karatasi ishikwe umbali gani na macho.

Nitaongeza ya tatu, ambayo wenye miradi huichukia: picha inayoonyesha jengo hilo pamoja na mengine yote yaliyokwisha kupata kibali jirani yake. Mji hauzibwi na ghorofa moja. Unazibwa na la saba, na la saba likija mwenyewe atasema, kwa haki kabisa, kwamba mbona kabla yake yapo sita.

Ambaye haamini picha yoyote, na simlaumu, kuna njia isiyohitaji kompyuta. Uswisi, kabla ya kibali kutolewa, mwenye mradi husimamisha kwenye kiwanja miti au vyuma virefu vinavyofika kimo halisi cha jengo, kila kona na wake, juu vikiwa na vipande vya pembe vinavyoonyesha paa litakavyoinama. Vinabaki pale mpaka uamuzi utoke. Jirani anakwenda kazini na kurudi akivitazama, akipinga anapinga akijua. Sisi kwenye nchi ya mirunda tunashindwa nini? Kwa ghorofa mbili tatu mirunda inatosha. Kwa jengo refu zaidi puto lenye gesi lililofungwa kamba yenye urefu wa jengo linafanya kazi hiyo kwa asubuhi moja isiyo na upepo.

Kwamba uzuri ni macho ya mtu

Wanaosema hivi wanachanganya mambo mawili. Kama vioo vya buluu ni vizuri kuliko kuta za miaka ya 1930, hilo tunaweza kubishana mpaka mvua za masika. Lakini kama jengo linakificha Kibo kwa mtu aliyesimama mlango wa stesheni, jibu ni ndiyo au hapana, na nimeonyesha linavyopatikana.

Baada ya kupata jibu ndipo busara inaingia, nayo si ya kubahatisha. Mpimaji anauliza mahali hapo pana uzito gani, nani hupita, wangapi, na kama mahali penyewe pamejengwa kwa ajili ya kutazama. Anauliza badiliko ni kubwa kiasi gani. Uchochoro wa nyuma ya maghala ukipoteza mlima ni hasara ndogo. Mbele ya mnara wa saa pakipoteza ni hasara ya mji mzima.

Wenzetu hawaoni aibu kulifanya hilo. Mwaka 2004 Kanisa Kuu la Cologne, Ujerumani, liliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini kwa sababu ya minara iliyopangwa ng'ambo ya mto Rhine. Kanisa lenyewe halikuguswa. Lililoguswa ni mwonekano wake. Mji ukaipunguza mipango hiyo na mwaka 2006 kanisa likaondolewa kwenye orodha hiyo. Montréal, Kanada, hakuna jengo linaloruhusiwa kuvuka usawa wa mlima wao, mita 232.5 juu ya bahari. Mlima huo ungekuwa kilima tu mbele ya Kibo, lakini wameuwekea sheria.

Na upo mfano ambao kila diwani wa Moshi angestahili kuujua. Katika mji wa Kunitachi, magharibi ya Tokyo, kuna mtaa unaoitwa kwa jina la kuutazama Mlima Fuji. Kampuni ya Sekisui House ilijenga hapo jengo la makazi la ghorofa kumi, vibali vyote mkononi. Juni 2024, zikiwa zimebaki wiki chache wenye nyumba wakabidhiwe funguo, kampuni ilitangaza kwamba inalibomoa, kwa kuwa limeuziba mlima kwa watu wa mtaa ule na athari hiyo haikuwa imepimwa vya kutosha. Hakuna mahakama iliyowaamuru. Fuji kutoka Kunitachi uko zaidi ya kilomita 70 na haufiki hata theluthi ya kimo cha Kibo kitazamwapo kutoka Moshi.

Kwamba mlima wenyewe hauonekani, tena ni mambo ya watalii

Mawingu, wanasema, yameufunika siku nzima. Ni kweli mchana mwingi haupo. Hujitokeza alfajiri na asubuhi, kisha jioni jua likielekea kuzama, na hizo ndizo saa ambazo watu wa Moshi wako barabarani wakienda na kurudi. Kinachoonekana kwa nadra hakipungui thamani kwa hilo. Wanaoongeza kwamba hata barafu inayeyuka, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya ile ya mwaka 1912 imekwisha kupotea, wanasema kweli kuhusu barafu na hawajasema lolote kuhusu jengo.

Kuhusu watalii sina mengi. Mtalii anaupanda mlima siku sita saba, anaushiba, anaondoka. Wazee wa Kichaga waliomba wakiwa wameelekea Kibo karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa.

Kwamba ghorofa ndilo linalotupa nafasi ya kuuona vizuri

Hoja ya kijanja. Panda juu ya paa, kuna mgahawa, mlima wote mbele yako. Nimepanda paa za namna hiyo na ni kweli kwamba zinapendeza. Ila aliyeko juu amelipia kinywaji, na aliyeko nyuma ya jengo alikuwa anauona bure. Kitu kilichokuwa cha barabarani kimehamishiwa ndani na kupangiwa bei, na aliyenyang'anywa hakuulizwa.

Kwamba bila kwenda juu mji utameza vihamba

Hii ndiyo hoja nzito, na wanaopenda mlima wasijifanye hawaisikii. Manispaa ya Moshi ina zaidi ya watu laki mbili kwenye kilomita za mraba zisizofika 60. Mji usipokwenda juu unakwenda pembeni, na pembeni ni mashamba ya tambarare upande mmoja na vihamba upande mwingine: migomba, kahawa, mifereji ya kale. Ukiniambia nichague kati ya ghorofa mjini na kung'oa kahawa ya Uru nijenge nyumba za chini, nachagua ghorofa bila kusita.

Lakini kujaza watu wengi kwenye eneo dogo hakuhitaji minara. Ghorofa tatu au nne zilizopangwa vizuri kufuata mtaa, zenye ua nyuma, hubeba watu wengi kuliko mnara mmoja uliozungukwa na maegesho ya magari. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa watu kwa karne mbili bila kutegemea lifti. Na namba ya ghorofa peke yake haisemi kila kitu: majengo ya Michenzani, Ng'ambo ya Unguja, si marefu sana kwenda juu, ila mengine yamelala mamia ya mita bila kukatika, na yanatawala mji kuliko mnara ungeweza. Hivyo kanuni iandike vipimo viwili, kimo na upana, tena iseme wapi.

Ndani ya hoja hii kuna nyingine iliyojificha, nayo ni ndoto ya jiji. Moshi imeomba hadhi ya jiji kwa miaka mingi, na wapo wanaoamini kwamba jiji hujulikana kwa minara. Watembee Dar es Salaam, wasimame mbele ya Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, pale ambapo kila meli iliyoingia bandarini ingeliona. Leo minara ya uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF na ya Mamlaka ya Bandari, kila mmoja zaidi ya ghorofa 30, imesimama jirani, na mnara wa kanisa lile, pamoja na ule wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, unatafutwa kwa kidole. Sidhani kuna aliyeamua iwe hivyo. Hakuna aliyeulizwa tu.

Kwamba tathmini ni gharama na sheria haiitaki

Sheria inaitaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inapotafsiri mazingira, haiishii kwenye hewa, maji na wanyama. Inataja rasilimali za utamaduni, suala la uzuri, na mazingira yaliyojengwa na binadamu. Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayopelekwa kwa mamlaka ya mazingira ikiwa na kurasa nyingi za vumbi na kelele za mashine na mistari miwili ya mandhari, haijakamilika kwa kipimo cha sheria yenyewe.

Wala si kweli kwamba serikali yetu haijui kuzuia kimo. Ukitaka kujenga juu karibu na uwanja wa ndege, Mamlaka ya Usafiri wa Anga itataka kujua kila mita. Jengo la ghorofa 18 lililosimamishwa karibu na Ikulu, Dar es Salaam, lilifikisha watu mahakamani. Tunajua kulinda njia ya ndege na tunajua kulinda ua wa Rais. Ni mlima tu ambao hauna ofisi ya kuusemea.

Gharama? Picha za haki, mpima ardhi wa siku mbili, na puto au mirunda. Weka hizo kando ya bei ya nondo za ghorofa moja. Gharama kubwa ni ya kuchelewa. Zanzibar walijifunza hilo kwenye hoteli ya Mambo Msiige, ufukweni mwa Mji Mkongwe: Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake mwaka baada ya mwaka kuhusu ukubwa wa jengo lililokuwa linaongezwa, barua zikaenda na kurudi, zege likaendelea kumwagwa, na hoteli ikafunguliwa 2015. Ukishaweka zege, tathmini inakuwa maombolezo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Baraza la Madiwani la Manispaa ya Moshi lina sehemu tatu. Chagueni na kutangaza sehemu nane hadi kumi za kutazamia mlima, zikiwa kwenye ramani ya mipango miji. Jengo lolote katikati ya mji linalozidi ghorofa nne lisipate kibali kabla ya picha za haki kutoka sehemu hizo kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, nakala moja ikiwa kwenye uzio wa kiwanja. Na kimo cha jengo kioneshwe kwa mirunda au vyuma kwa wiki mbili, au kwa puto kwa asubuhi moja isiyo na upepo, tangazo likitolewa redioni. Na wewe msomaji unayeishi Moshi, ukikuta bati jipya limezungushiwa kiwanja kaskazini mwako, usisubiri baraza. Nenda ofisi ya mipango miji uulize jengo lina mita ngapi, zidisha kwa sita, kisha utazame kama nyumba yako, shule ya watoto wako au kituo chako cha daladala kimo ndani ya hesabu.